Bi Mruko na Uzi Usiojua Transfoma

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limelala kabatini miaka kumi na moja, halitolewi hata kuanikwa juani. Kiwandani aliitwa Bi Mruko. Muuza maziwa alimwita Bi Mruko. Siku moja alikwenda kutibiwa jino, na daktari ambaye hajapata kumwona maishani alisoma cheti chake, akavua miwani, akamuuliza kama ndiye yule Bi Mruko wa kiwanda cha taa. Hata mume wake, fundi magodoro, mtu mpole kama pamba anayoijaza, jina hilo lilimponyoka siku moja wakiwa mezani. Alilala juu ya magodoro ya wateja siku tatu, na siku ya nne akaingia ndani kwa kupitia jikoni, kichwa chini, amebeba mto mpya.

Aliyempa jina hilo alikuwa mkuu wa karakana. Watu wote walimwita Mkuu, naye aliitika kama kwamba hajapata kuwa na jina lingine tangu azaliwe.

Ilikuwa hivi. Bi Mruko aliingia kile kiwanda kama mfagiaji. Wiki yake ya kwanza, asubuhi, anapiga deki sakafu ya saruji, miguu mitupu, amevaa wigi aliloazima kwa wifi yake ili aonekane mtu wa kazi. Mkuu alikuwa kwenye meza ya majaribio na shina moja la taa, bado halijafunikwa kioo. Juu ya lile shina zilikuwa zimesimama nyuzi nne nyembamba, kila mmoja mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, zinawaka rangi ya asali. Bi Mruko aliacha deki akatazama. Hakuwa amewahi kuona mwanga mzuri namna ile ukiwa uchi.

Mkuu akamwita. Akamwambia taa za zamani zilikuwa zinaunguza, lakini hizi ni za kisasa, hazina joto, ukizishika utadhani umeshika sharubu za paka. Nyuma yake mafundi walikuwa wameshaanza kukohoa kwa kubana kicheko, ila mgeni hawezi kujua kikohozi cha watu asiowazoea. Bi Mruko akanyoosha kidole.

Wanaosimulia wanasema aliruka hadi feni ya darini ikasimama kumpisha. Hiyo wametia chumvi. Feni ilikuwa mbovu. Lakini ndoo ilipinduka, hilo ni kweli, na wigi la wifi liliacha kichwa likaenda kutua ndani ya maji machafu, likaelea humo kama panya aliyekufa na siri zake. Umeme ulimpeleka akamsalimia marehemu babu yake, babu akamuuliza mbona amekuja kichwa wazi, akarudishwa. Alipofungua macho, karakana nzima ilikuwa chini kwa kicheko, na Mkuu alikuwa ameshika meza, machozi yanamtiririka, anasema, "Mmeona mruko? Mmeona mruko huo?"

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilibaki na doa jeupe, na kikafa ganzi mpaka leo. Lakini kidole hakikuwa na neno. Kilichomkaa kooni ni kwamba Mkuu hakuchoka. Kila alipoajiriwa mtu mpya, Mkuu alimsimulia. Kila alipokuja mgeni, Mkuu alimsimulia. Na hakuwa anasimulia kwa mdomo tu, aliigiza. Alishika deki ya kuwazia, akanyoosha kidole, akaruka, akavua wigi la kuwazia akalitupa kwenye ndoo ya kuwazia. Mwaka wa nne aliongeza mlio. Mwaka wa saba aliongeza babu, habari alizozisikia kwa Bi Mruko mwenyewe, siku aliyofika kazini na homa, hajui anachosema.

Bi Mruko hakuacha kazi. Watu walidhani ni uvumilivu, wakamsifu. Kumbe mwenzao alikuwa anakaa pale kama paka anavyokaa mbele ya tundu. Aliokota nyuzi mbovu zilizoangushwa sakafuni akawa anazipeleka nyumbani mfukoni. Alijifunza kulehemu kwa kuwatazama wengine huku anafuta vumbi la meza moja kwa saa nzima. Mwaka wa tatu fundi mmoja aliugua, yeye akakaa kwenye kiti chake, na hakuna aliyeweza kumwinua tena, maana mkono wake ulikuwa hautetemeki. Kidole chenye ganzi hakisikii joto la chuma cha kulehemu. Alifunga mashina mia na ishirini kwa siku, wengine themanini. Mkuu alimsifia mbele ya wageni, kisha, sifa zikiisha, akaigiza mruko.

Na kila mgeni, kabla ya mruko, alipewa somo. Somo lenyewe lilikuwa halibadiliki hata neno. Mkuu aliinua uzi mmoja kwa koleo akasema humu ndani kuna vijitaa ishirini na vinne, vidogo kuliko chembe ya mchanga, vimepanga foleni kama watu wanaosubiri daktari. Kila kimoja kinachukua volti tatu zake kinampisha mwenzake. Uzi mmoja, volti sabini na mbili. Unga nyuzi nne, mkia kwa kichwa, unapata mia mbili themanini na nane. Sasa, umeme wa ukutani tunauita mia mbili na arobaini, lakini huo ni wastani. Wenyewe unapanda na kushuka mara hamsini kwa sekunde, na kileleni unapita mia tatu. Kwa hiyo nyuzi nne zinautosha ule umeme kama mguu unavyotosha kiatu. Unatia kidude cha diodi nne cha kuugeuza umeme wote utazame upande mmoja, unatia kikapasita cha kuutuliza mwanga usichezecheze, unatia kirezista cha kuubana usije kwa fujo, basi. Vitu vitatu vinaingia kwenye kitako cha balbu na nafasi inabaki.

Hapo Mkuu aliweka koleo chini, akamalizia kwa sauti ya mtu anayefunga ndoa. "Transfoma ya nini? Uzi huu haujui transfoma."

Bi Mruko alilisikia somo hilo, kwa hesabu yake ya haraka, mara mia tatu. Lilimwingia mpaka likawa linamtoka usingizini.

Ndipo ikatangazwa kwamba Mkuu anastaafu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, kutakuwa na sherehe ndogo palepale karakanani. Mkurugenzi, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, alisema kila idara iandae kitu. Mafundi walikubaliana Bi Mruko atengeneze shina kubwa la mapambo, liwake mezani wakati wa hotuba. Wote wakafurahi. Yeye mwenyewe alihesabu siku zilizobaki. Miaka kumi na moja alikuwa anajiambia ipo siku, na siku imekuja na tarehe yake. Ikipita Ijumaa hiyo, yule mtu ataondoka na kicheko chake mfukoni, na jina la Bi Mruko litabaki limemganda yeye mpaka kaburini. Watachonga hivyo hivyo kwenye jiwe.

Akamwendea shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi redio na televisheni mwenye kibanda kilichojaa mifupa ya redio hadi darini. Akamwambia wazi anataka Mkuu ashike uzi ulio wazi, mbele ya watu, kama alivyoshikishwa yeye.

Shemeji aliweka bisibisi chini. "Shem, yule ana miaka sitini. Akishika na mkono ukagoma kuachia, sherehe inageuka matanga, na wewe unakula ugali wa jela. Unataka afe?"

Bi Mruko alifikiri kwa haki kabisa. Alifikiri muda mrefu kuliko ilivyopendeza, mpaka shemeji akaanza kusogeza kiti. Mwishoni alisema hapana. Anataka aaibike, si azikwe. Maiti haoni haya, tena watu humsifia.

Shemeji akashusha pumzi. Wakati huo alikuwa anatengeneza televisheni iliyofunguliwa mgongo, mikono yake imezama ndani na plagi iko ukutani. Bi Mruko alitazama ile mikono. Akamuuliza mbona yeye haruki.

Shemeji akaonyesha kwa mguu. Chini ya meza kulikuwa na pande la chuma, zito kama jiwe la kusagia, limefungwa waya za shaba, linanguruma taratibu. Akasema ile ni transfoma, ila si ile ya kupunguza umeme. Inaingia mia mbili arobaini, inatoka mia mbili arobaini.

"Sasa inasaidia nini kama haibadilishi kitu?"

"Inakata undugu," shemeji akasema. "Umeme wa ukutani una undugu na ardhi. Ukiugusa umesimama chini, unapita kwako kwenda kwa ndugu yake, wewe ndiyo daraja. Huu unaotoka hapa ni yatima. Haumjui ardhi wala ardhi haimjui. Ukiugusa sehemu moja, hauna pa kwenda, unabaki unakutazama." Kisha akainua kidole, uso wake ukakaza. "Sehemu moja, shem. Ukishika ncha mbili kwa pamoja, hapo umejiweka wewe njiani, na umeme utakumaliza bila kukuuliza undugu."

Bi Mruko aliomba aelezewe tena. Kisha akaomba mara ya tatu, na safari hii alikuwa anatabasamu. Maana alikuwa ameliona shimo, na kando ya shimo alimwona Mkuu amesimama anatoa somo lake. Yule mtu amewaambia watu mara mia tatu kwamba uzi haujui transfoma. Akiona uzi unawaka, hata awe ndotoni, atajua umetoka ukutani moja kwa moja. Haitampitia akilini kuna chuma kimejificha. Ujuzi wake wenyewe utamshika mguu.

Jioni kibandani wakajaribu. Shemeji aliunga shina kwenye transfoma, nyuzi zikawaka. Bi Mruko akavua viatu. Alimwambia mkono wake uende, mkono ukakataa. Mkono ulikuwa unakumbuka. Akajaribu kidole chenye ganzi ili asihisi, kisha akaona huko ni kujidanganya, akatoa cha mkono wa kushoto. Akagusa katikati ya uzi mmoja. Ulikuwa na uvuguvugu tu. Hakuna kilichotokea. Alikaa hapo ameshika mwanga, na shemeji anasema alilia, lakini yeye anasema ni moshi wa risasi ya kulehemu.

"Na Mkuu akishika?" shemeji akauliza. "Hapo hatapata kitu. Atakuwa shujaa, na wewe utakuwa umemwandalia."

"Hatashika. Yule hajawahi kushika hata pasi ya baridi bila kumtuma mtu kwanza."

Ila usiku huo, ubavuni mwa fundi magodoro, hakuwa na uhakika hivyo. Maana mpango wote ulikuwa umesimama juu ya uoga wa mtu mmoja, na uoga wa mtu mwingine huwezi kuulehemu ukae.

Ijumaa ikafika. Meza zilisukumwa kando, soda zikapangwa, keki ikakatwa vipande visivyolingana. Bi Mruko aliweka shina lake kwenye meza ya majaribio, nyuzi nne, kila mmoja urefu wa kidole, akatandika kitambaa kilichofika sakafuni. Chini ya kitambaa alikaa yatima wa shemeji. Alikuwa ananguruma, kwa hiyo Bi Mruko aliwasha feni ya sakafuni, ile yenye kelele za mashine ya kukoboa, akasema anaona joto. Na kabla watu hawajaingia alipiga deki mbele ya meza, maji mengi kuliko lazima.

Mkurugenzi alisema maneno manne, akamaliza. Katibu muhtasi alisimama pembeni na zawadi, saa ya ukutani iliyofungwa karatasi ya maua. Mkuu akapewa nafasi. Alishukuru, akawakumbuka waliotangulia, akatoa somo. Vijitaa ishirini na vinne, foleni ya daktari, mguu na kiatu. Akanyoosha mkono kuonyesha shina linalowaka nyuma yake. Uzi huu haujui transfoma. Watu wakapiga makofi.

Bi Mruko alikuwa anamwomba Mungu kitu kimoja, na Mungu alimpa. Mkuu alifuta paji la uso, akatabasamu, akasema hawezi kuwaaga bila kuigiza mruko kwa mara ya mwisho.

Akaigiza. Hajawahi kuigiza vizuri vile. Deki, kidole, mlio, wigi, babu. Hata Mkurugenzi aliuma mdomo. Kicheko kilipoanza kupungua, Bi Mruko alikuwa ameshavua viatu. Alipita katikati ya watu, akasimama kwenye yale maji, kando ya meza, miguu mitupu, na karakana ikanyamaza kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Akanyoosha kidole cha kushoto. Akashika uzi unaowaka.

Akakaa hivyo. Mkono mmoja kwenye uzi, mwingine nyuma ya mgongo, na mwanga wa asali unampaka usoni. Fundi mmoja alidondosha soda. Mama wa stoo alianza kusali. Mkuu alifungua mdomo ukakataa kufunga.

"Kata umeme," akasema, na badala ya kwenda kwenye swichi, iliyokuwa hatua mbili mbele yake, alirudi hatua tatu nyuma. Kila mtu aliona zile hatua.

Bi Mruko akaachia uzi polepole. Akajikunja kwa heshima kama mtoto anayemsalimia mkubwa. "Hauna joto, Mkuu. Ni kama sharubu za paka. Karibu ushike, watu wakuone kabla hujaondoka."

Feni inapiga kelele. Ndipo wakaanza, kwanza mmoja, halafu wote. Wakamwambia ashike. Wakamkumbusha alivyosema hazina joto. Mafundi wapya, walioigiziwa mruko wiki yao ya kwanza, ndio waliokuwa na sauti kubwa. Mkuu alicheka kidogo, akaona hakuna wa kucheka naye. Akasogea. Hatua moja, akakanyaga maji, akautoa mguu. Akasogea tena. Mkono wake ukaenda, na moyo wa Bi Mruko ukaenda nao, maana kiganja kimoja tu kilikuwa kimebaki kati ya vidole vyake na uzi, na akigusa, yote yameisha, ataondoka shujaa. Kiganja kikawa nusu kiganja. Jasho lilimdondoka Mkuu kwenye ncha ya pua. Akafumba macho.

Hapo fundi wa vioo, mzee aliyekaa nyuma miaka yote bila kusema kitu, akafanya kwa mdomo, "Zzzt."

Mkuu aliruka. Wigi hakuwa nalo, lakini miwani iliondoka. Aliruka kinyumenyume, akazunguka hewani kama chapati, na alipotua alitua kwa makalio ndani ya kasha la balbu zilizokataliwa, mia tatu na kitu, zikapasuka zote kwa zamu, ta-ta-ta-ta, utadhani gari la harusi limepita juu ya maputo. Alibaki amekaa humo, magoti usawa wa masikio. Kile kicheko hakikuwa cha kawaida. Mama wa stoo aliacha kusali akalala chini. Mkurugenzi aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Bi Mruko hakucheka. Alisubiri. Walipomaliza alizima swichi, akainua kitambaa, akawaonyesha kile chuma.

Mkuu, aliyekuwa anaokotewa vioo kwenye suruali na mafundi wawili, alikitazama muda mrefu. Uso wake ulibadilika. Kicheko alikuwa amekimeza, hiki hakikumezeka.

"Transfoma?" akauliza, kwa sauti ndogo ya mtoto.

"Ulisema hauhitaji, Mkuu," Bi Mruko akajibu. "Ni kweli, hauhitaji. Mimi ndiye niliyeihitaji."

Mkurugenzi alipopata uso wake wa kawaida, alisema mchezo ule ni wa hatari, umeme si kitu cha kuchezea mbele ya watu, na Jumatatu Bi Mruko atapata barua ya onyo. Bi Mruko akasema sawa, ni haki, ila anaomba barua ya Mkuu iandikwe pamoja, ya miaka kumi na moja iliyopita, ili ziende kwa bahasha moja. Mkurugenzi alimtazama. Akamuuliza jina lake kamili ni nani, kwa ajili ya barua. Bi Mruko akalitaja, kwa sauti, herufi kwa herufi, na watu wakageuzana macho, maana nusu yao hawakuwa wamewahi kulisikia.

Mkuu alijikung'uta. Kwa kweli alijitahidi. Alivaa tabasamu, likakaa upande. Alimjia Bi Mruko mbele ya wote, akasema haya bwana, tumelipana, yaishe, akanyoosha mkono.

Watu wakasubiri wapeane. Ilikuwa saa ya kupeana, hata Mkurugenzi alikuwa ameshaandaa makofi. Bi Mruko aliutazama ule mkono kuanzia kwenye kucha hadi kwenye kiwiko, kama anavyokagua shina kabla ya kulitupa kwenye kasha. Kisha akainama, akachomoa plagi, akaanza kukunja waya za shemeji yake taratibu, mkunjo kwa mkunjo, bila haraka yoyote. Ule mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda, mpaka katibu muhtasi, kwa huruma, akauwekea saa ya ukutani.